Ukuta wa Awali Unalipa Kuliko Kitabu

Anayemtafuta mchoraji wa picha za watoto Ifakara asisumbuke kuulizia mchapishaji. Aulize ukuta wa darasa la awali umechorwa na nani. Tangu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) itiliwe mkazo madarasa ya chini, walimu wanataka darasa linaloongea: herufi, namba, matunda na wanyama, usawa wa macho ya mtoto. Ni kazi ya oda. Mara nyingi shule inanunua rangi, fundi analipwa ufundi, na malipo yanangoja michango ya wazazi, ambayo nayo inangoja mpunga utoke shambani. Wiki ijayo fundi huyohuyo yuko juu ya ngazi, anaandika bango la saluni.

Katika bonde la Kilombero, picha ya kuagizwa ina historia. Kati ya 1996 na 2000 mradi wa KINET uliuza vyandarua na dawa ya kuviloweka katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Mabango na vipeperushi vyake vilipaswa kueleweka hata kwa mama asiyejua kusoma. Mji wenye Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi kutoka Basel, hauwezi kuishiwa haja ya picha za kuelimisha.

Kwenye kitabu hesabu zinagoma. Hadithi ya kurasa 24, yenye maneno yasiyofika mia tatu, inaweza kudai picha kumi na mbili au zaidi, na sungura wa ukurasa wa kwanza lazima awe na masikio yaleyale ukurasa wa mwisho. Uchapaji wa rangi ni ghali, na nakala zikiwa chache gharama hairudi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulilitambua hilo. Mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa shuleni, zilizobaki akazitafutia soko mwenyewe. Mnunuzi mkuu, basi, hakuwa mzazi. Mzazi wa Kilombero Januari ananunua sare na madaftari. Kitabu cha hadithi hakimo kwenye orodha aliyopewa, na simlaumu.

Aliyevuka kikwazo hicho ni John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Kitabu chake cha samaki wabichi cha 2001 kina sokwe mvuvi anayepeleka samaki sokoni kwa baiskeli, na wanyama wamevaa nguo kama watu wa gulioni. Mtoto wa Ifakara, mji wa baiskeli na kambale, asingehitaji maelezo. Lakini kitabu kilitoka kwa Kijerumani, Uswisi, na mwaka 2005 kazi yake nyingine ikapata tuzo ya maonyesho ya Bologna, Italia. Soko lililomlipa lilikuwa mbali na watoto aliowachorea.

Kilaka ana kitu ambacho fundi wa ukutani hana: hadithi ni yake na picha ni zake. Anayechorea hadithi ya mwingine mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, kisha picha inaendelea na safari bila yeye. Hadithi za leseni huria, kama za African Storybook iliyozinduliwa 2014, zimewapa watoto vitabu vya bure vya Kiswahili, na hilo ni jema. Ila malipo ya mchoraji yanaishia siku ya kukabidhi kazi. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inailinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo haumletei mrabaha aliyesaini mkataba wa kuuza kila kitu.

Mkononi mwa mchoraji hubaki kazi alizojichorea mwenyewe, na hapa naona uzembe kidogo. Kuta za bonde zimejaa simba na twiga, ilhali sheshe, swala wa mbuga za mto Kilombero, hachorwi. Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Udzungwa, wanapita wageni ambao wangenunua mbega mwekundu kwenye kadi ndogo, pesa mkononi.

Kwa sasa oda ndiyo inayolisha. Tangu Daraja la Magufuli kwenye mto Kilombero lifunguliwe 2018, fundi wa Ifakara anaweza kwenda kuchora darasa upande wa Mahenge bila kungoja kivuko, na nauli anaijumlisha kwenye bei ya ukuta.