Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja Rehema." Ni nadra kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajaletewa ujumbe wa namna hii, na wengi huufuta huku wakicheka. Desemba kicheko hupungua. Mwezi huo karibu kila mtu anadaiwa: fundi cherehani anasubiri malipo ya nguo za Krismasi, nyumbani wanangoja hela ya mbuzi, mwenye nyumba anataka kodi, na ada za Januari zinabisha hodi. Tapeli hajui lolote kati ya hayo, wala hana haja ya kujua. Ameusambaza ujumbe uleule kwa namba chungu nzima, akitegemea apatikane mmoja ambaye saa hiyohiyo yuko mbioni kumtumia mtu hela. Kiasi hakutaja, sababu hakutaja, na yeye ni nani hakusema. Yote hayo mpokeaji anayajaza mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mtego wenyewe uko kwenye jina. Kampuni za simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, makusudi upate nafasi ya kuhakiki. Tapeli anawahi kukutajia jina, ili likitokea uone mambo yamenyooka. Kumbe jina hilo linaeleza tu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Aliyeishika anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na tangu hapo anayetaka kutapeli bila kujulikana huhitaji laini ya jina la mwenzake. Bibi anayenunua laini barabarani anaambiwa alama haijasoma, aweke kidole tena. Huenda kweli haijasoma. Huenda pia kidole cha pili kimesajili laini ambayo hataiona maisha yake yote. Piga *106# ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe. Tunakagua salio kutwa nzima, lakini hili wengi hatujawahi kulikagua.

Mbinu nyingine ni ya "nimekosea kutuma". Unaingia ujumbe kwamba umepokea hela, na papo hapo mtu anapiga akilia kwamba ilikuwa ya mgonjwa. Ukiangalia vizuri, ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Achana nao, fungua menyu uangalie salio. Hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apigie mtandao wake muamala urudishwe kwa utaratibu. Ukimtumia wewe, naye akawa ameshaomba urejeshwe, utajikuta umelipa mara mbili. Mwenye shida ya kweli hatakasirika kuambiwa hivyo.

Anayejiita mhudumu wa mtandao haichukui muda kumtambua: simu halali ya huduma kwa wateja hutoka namba 100, na namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote. Tiketi za mabasi ya Moshi, Arusha na Bukoba nazo zina kero yake. Nafasi zikiisha, hujitokeza mtu mwenye "siti moja imebaki" anayetaka utume nauli kwenye namba yake binafsi. Kata kwenye ofisi ya basi au kwenye mfumo wa kampuni, hata kama itabidi usafiri siku inayofuata.

Ukishalizwa, aibu isikucheleweshe. Hela ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyetumiwa, mtandao unaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni shughuli pevu. Kwa hiyo piga 100 kwanza, shemeji na jirani utawasimulia baadaye. Kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala ukiwa bado kwenye simu. Namba ya tapeli iripoti kupitia 15040, namba fupi iliyowekwa kwa ajili hiyo, hata kama wewe hukutuma senti. Laini hiyohiyo jioni itakuwa inamwandikia mtu mwingine, na huenda huyo ndiye anayesubiriwa na fundi.