Jina Sahihi la Kiumbe Asiyeonekana: Bakteria wa Udongo na Dawa ya Kifua Kikuu

Anayeanza kutumia dawa za kifua kikuu huelezwa mapema asishtuke akiona mkojo wake umegeuka rangi na kuwa mwekundu au wa chungwa. Rangi hiyo hutokana na rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu ya kifua kikuu na ya ukoma. Asili yake ni bakteria aishiye udongoni, ambaye katika muda wa miaka 26 alipewa majina matatu ya kisayansi. Tunapenda kuieleza safari ya majina hayo, kwa kuwa inaonyesha jinsi wataalamu wanavyomtambua kiumbe mpya, na kwa nini maisha ya watu hutegemea utambuzi huo.

Kutoka udongoni hadi maabara

Mwaka 1957, sampuli ya udongo kutoka msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, pwani ya Bahari ya Mediterania, ilifika katika maabara za kampuni ya dawa ya Lepetit mjini Milano, Italia. Huko Piero Sensi na wenzake walikuwa wakitafuta vijidudu vyenye uwezo wa kutoa dawa.

Kazi ya namna hiyo huanza kwa subira. Gramu moja tu ya udongo huweza kuwa na mamilioni ya bakteria wa aina nyingi waliochangamana. Kwa hiyo udongo hukorogwa katika maji, maji hayo huzimuliwa mara kadhaa, kisha tone dogo hutandazwa juu ya chakula kilichogandishwa katika kisahani. Bakteria aliyetua peke yake huzaliana hata likatokea doa linaloonekana kwa macho. Mtaalamu huchota doa moja na kulipanda upya, tena na tena, mpaka awe na hakika kwamba anao uzao wa aina moja tu. Uzao ukiwa umechanganyika, vipimo vyote vitakavyofuata vitapotosha.

Majina matatu

Bakteria wa Milano alikuwa na nyuzi zenye matawi, mfano wa ukungu. Kwa sura hiyo, mwaka 1960 alitangazwa kuwa spishi mpya, akaitwa Streptomyces mediterranei. Jina la kwanza ni la jenasi, tuseme ukoo wake. La pili ni la spishi yenyewe, nalo linaikumbuka bahari ya kwao.

Lakini sura haikutosha. Ukuta wa seli yake ulipochunguzwa kwa kemia, ulionekana kuwa na viambato visivyo vya ukoo wa Streptomyces, bali vinavyofanana na vya Nocardia. Mwaka 1969 akahamishiwa huko. Hata hivyo, Nocardia wana asidi za mafuta za pekee ziitwazo asidi za maikoli, naye hakuwa nazo. Mwaka 1986 Mary Lechevalier wa Marekani na wenzake wakaanzisha jenasi mpya kwa ajili yake na bakteria wengine wa namna yake. Tangu hapo anaitwa Amycolatopsis mediterranei, na jina hilo la jenasi latangaza kwamba asidi hizo hana.

Siku hizi ushahidi mkubwa husomwa katika vinasaba. Iko jeni iitwayo 16S, ambayo bakteria wote wanayo na ambayo hubadilika polepole sana. Ikiwa jeni hiyo inafanana na ya jamaa wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7 hivi, ni dalili kwamba huenda spishi ni mpya; ndipo vinasaba vyote hulinganishwa. Mwaka 2004 ilibainika kwamba bakteria mmoja aliyehesabiwa kuwa Amycolatopsis mediterranei ni spishi nyingine, akaitwa Amycolatopsis rifamycinica.

Jina jipya halikubaliwi kwa neno la mgunduzi peke yake. Maelezo yake huchapishwa, na uzao hai huwekwa katika hazina za vijidudu za nchi mbili tofauti, ili yeyote mwenye shaka aweze kukagua.

Yanatuhusu nini?

Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Adamu akiwapa viumbe hai majina, na kazi hiyo inaendelea hata katika hospitali zetu. Bakteria wa kifua kikuu akitazamwa kwa hadubini hufanana na jamaa zake ambao hutibiwa kwa dawa nyingine. Kwa sababu hiyo mashine ya GeneXpert husoma jeni zilizomo katika makohozi, na kwa muda wa saa mbili hivi hutambua kama kuna bakteria wa kifua kikuu na kama amekuwa sugu kwa rifampisini.

Usugu huo nao hutokana na badiliko dogo. Rifampisini hukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kusoma jeni zake. Jeni ya kimeng'enya hicho ikibadilika kidogo, dawa haishiki tena. Mgonjwa anayeacha dawa baada ya wiki chache, kwa kuwa amepata nafuu, huwapa bakteria waliosalia nafasi ya kuongezeka, na walio sugu huweza kuenea hata kwa jamaa zake.

Basi, tunawasihi mnaokohoa kwa wiki mbili au zaidi mwende kupimwa bila kuona haya. Nanyi mlio na mgonjwa nyumbani, au katika jumuiya ndogondogo, msaidieni amalize dozi yake yote, ambayo kwa kawaida ni ya miezi 6, hata kama mwezi wa pili tayari anajiona mzima.