Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma: mama mjamzito, usikose dawa ya kliniki

Katika maboma mengi ya Kaunti ya Busia, kondo la nyuma bado huzikwa kwa heshima mtoto akishazaliwa. Ni desturi nzuri. Ila kazi kubwa ya kondo huwa imekwisha kufikia hapo, na kazi hiyo hatuizungumzii vya kutosha.

Kondo huota kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi mara tu mimba inapotunga. Mimba ikifika miezi tisa, huwa na uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sahani ya chakula. Upande mmoja limeshikamana na mama, upande wa pili kamba ya kitovu inakwenda kwa mtoto. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu wala hali kwa mdomo. Oksijeni na chakula humfikia kupitia kondo, na uchafu wa mwili wake hutokea huko huko. Damu ya mama na ya mtoto hupita karibu sana, zikitengwa na utando mwembamba, bila kuchanganyika. Kinga nayo hupita. Ndiyo sababu mama hudungwa sindano ya pepopunda ili mtoto azaliwe akiwa tayari amekingwa. Pombe pia hupita.

Sasa malaria. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tuna malaria mwaka mzima, na wengi wetu miili imejenga kinga kiasi. Utasikia mama akisema, "Mimi malaria nimeizoea." Kwa mjamzito, maneno hayo si kweli. Vimelea vya malaria hupata mahali papya pa kunata, yaani kondo, ambapo mwili haujawahi kupambana navyo. Mwenye mimba ya kwanza ndiye aliye hatarini zaidi.

Vimelea hivyo hujaa ndani ya kondo na kuziba njia ya chakula na hewa ya mtoto. Mama huishiwa damu. Mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, au kufia tumboni. Na yote haya yanaweza kutokea mama akiwa hana homa. Hata kipimo cha damu ya kidoleni huweza kukosa kuviona.

Kwa hivyo kliniki hazingoji ugonjwa uonekane. Kuanzia wiki ya 13 ya mimba, mama hupewa dawa ya SP: tembe tatu kwa pamoja, zinazomezwa mbele ya muuguzi. Hurudiwa kila anapohudhuria kliniki hadi kujifungua, mradi mwezi mmoja umepita tangu dozi ya mwisho. Waweza kuzimeza hata kabla ya kula. Anayetumia Septrin kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazifai kutumiwa pamoja. Amweleze muuguzi mapema.

SP haichukui nafasi ya neti. Lala ndani ya neti kila usiku tangu mwanzo wa mimba. Ukihisi homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza SP juzi.

Ukichelewa kuanza kliniki, bado nenda. Beba kijitabu chako cha mama na mtoto, na uulize umeshapata dozi ngapi.