Unanunua Hita ya Maji? Hesabu Watu Kwanza

Julai ya Nairobi haina huruma, unajua. Saa kumi na moja asubuhi, maji ya bomba ni kama imetoka friji, na kwa keja mko wanne. Wa kwanza anaoga fiti. Wa tatu anapiga nduru mpaka jirani anaamka. Kabla mchange doo mnunue hita ingine, pigeni hesabu kidogo.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni shawa ya papo hapo, ile inachemsha maji ikipita. Hiyo haipimwi kwa lita, inapimwa kwa wati, na nyingi ni kama wati 5,500. Moto haiishi, mnapanga laini tu. Lakini dakika 10 inakula karibu yuniti moja ya stima. Mkiwa wanne, hizo ni karibu yuniti nne kila asubuhi, na tokeni hainunuliwi na upepo.

Ya pili ni tangi. Tuseme ni ya lita 50, inachemsha hadi nyuzi 60. Ukichanganya na maji baridi ya nyuzi 20, unapata kama lita 100 ya kuoga. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20. Mkioga na beseni, wanne mnatosheka na inabaki. Lakini shawa ikimwaga lita 8 kwa dakika, msee mmoja akisimama hapo dakika 10 akiimba, lita 80 imeenda. Wa pili atajua hajui.

Kwa hivyo, kama mnatumia shawa na hamkawii, lita 50 ni ya watu wawili. Wanne, tafuteni 100. Na usinunue kubwa ndio uringe, juu utakuwa unalipia kuchemsha maji hakuna mtu anaoga.

Sasa hapa ndio wasee hulala: waya. Wati 5,500 inavuta kama ampea 23. Soketi ya kawaida ya ukuta ni ya ampea 13. Fundi akikuambia "tutaunganisha tu hapo," mwambie asante na umfungulie mlango. Hiyo shawa inataka waya yake nene kutoka kwa bodi, swichi yake, na waya ya ardhini, ile ya kijani na njano. Wengi hucheka bomba ikiwatekenya wakioga. Si mchezo, hiyo ni stima imekosa njia, na siku moja inaua. Zima, usiguse tena mpaka fundi wa ukweli aicheki.

Kama ploti yenu ni ya maji ya kisima, hakikisha shawa imeandikwa ni ya maji ya chumvi.

Kabla utoe hata shilingi, uliza keateka bafu iliwekwa waya gani. Akisema hajui, lipa fundi aangalie kwanza. Hita inaweza ngoja wiki moja, wewe oga na sufuria.