Kampuni nzuri haijui neno lako la siri

Wengi wetu tunafikiri kwamba tukifungua akaunti kwenye intaneti, kampuni inaandika neno letu la siri kama katibu anavyoandika majina katika daftari. Kampuni yenye kufanya kazi vizuri haifanyi hivyo. Inatunza alama tu ya neno hilo, inayoitwa heshi.

Heshi ni nini? Fikirini mashine ya kusaga mihogo. Muhogo ukishakuwa unga, hakuna anayeweza kuurudisha kuwa muhogo. Vivyo hivyo, hesabu inayoitwa SHA-256 inapokea neno lolote, fupi au refu, na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Neno lilelile hutoa mfuatano uleule siku zote. Ukibadili herufi moja, mfuatano wote unabadilika. Unapoingia, kompyuta inasaga neno uliloandika na kulinganisha alama mbili. Zikifanana, mlango unafunguka.

Basi mwizi akiiba daftari, anapata unga tu. Lakini anaweza kukisia. Anasaga 123456, majina ya watu, miaka ya kuzaliwa, mamilioni ya maneno kwa sekunde, akitafuta alama zinazofanana. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaongeza kile wanachokiita chumvi: herufi zisizotabirika, tofauti kwa kila mtu, zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa. Hivyo mwizi analazimika kuanza upya kwa kila akaunti.

Si wote wanaofanya hivyo. Mwaka 2009, kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri milioni 32 yaliyoandikwa wazi. Lililotumiwa zaidi lilikuwa 123456. Mwaka 2012, LinkedIn iliibiwa mamilioni ya heshi zisizokuwa na chumvi, na nyingi zilivunjwa.

Tufanye nini?

1. Kila akaunti iwe na neno lake. Ukitumia neno moja kila mahali, mwizi akilipata kwenye kampuni dhaifu, anaingia kote, hata kwenye akaunti ya kikundi unachotunzia pesa.

2. Chagua neno refu. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto wako na mwaka wake.

3. Usimwambie mtu yeyote. Kompyuta inahitaji alama tu. Hakuna mfanyakazi anayehitaji kujua neno lako. Anayekupigia simu akiliomba, hata akijua jina lako, ni mwizi. Kata simu.