Mzee Mwenye Mieloma: Dawa Hupimwa kwa Nguvu Zake



Tunapowatembelea wagonjwa, sisi wachungaji tumesikia mara nyingi mzee akisema: “Mgongo unaniuma, usiku silali.” Na mara nyingi tumemjibu: “Ni uzee, Baba.” Tunaungama kwamba jibu hilo linaweza kuwa kosa.

Kuna kansa inayoitwa mieloma. Inaanza ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe zinazopaswa kutulinda na magonjwa zinaharibika na kuongezeka kupita kiasi. Ndipo mifupa inauma na kuvunjika upesi, damu inapungua, mafigo yanachoka, na nimonia inarudi mara kwa mara. Huwapata hasa watu waliopita miaka 60.

Je, mzee dhaifu anaweza kutibiwa? Ndiyo. Kwa kawaida ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini unaweza kutulizwa, hata kwa miaka. Daktari haangalii umri peke yake. Anauliza: anajivalisha na kuoga mwenyewe? Ana ugonjwa wa moyo, sukari au mafigo? Mama wa miaka 78 anayelima bado anaweza kuwa na nguvu kuliko baba wa 65 asiyeinuka kitandani.

Matibabu makali, yale ya kupandikiza chembe za uboho, hayamfai aliye dhaifu. Yeye hupewa dawa chache kwa kipimo kidogo. Deksametazoni, kwa mfano, ambayo wengi hupewa miligramu 40 kwa juma, mara nyingi hupunguzwa hadi 20 kwa waliopita miaka 75. Kumpunguzia dawa si kumwacha. Ni kumlinda ili aweze kuendelea. Dawa mpya ni za bei kubwa, lakini vidonge vya melfalani na prednisoloni, vinavyotumika tangu miaka ya 1960, bado husaidia pale ambapo mpya hazipatikani.

Ndugu, mzee mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha apimwe damu na mkojo, apigwe picha. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari, maana zinaweza kuharibu mafigo. Miguu ikilegea ghafula, au akishindwa kukojoa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na yeye mwenyewe aulizwe anataka nini. Asiamuliwe kama mtoto.

Maombi na dawa havishindani. Kanisa linalojua kuchanga kwa ajili ya matanga lijue pia kuchanga nauli ya hospitali, mzee angali hai.