Yonathani Alisikiliza, Kisha Akatenda



Kijana akikosana na mwenzake shuleni, au akiona nyumbani haeleweki, humwendea nani kwanza? Mara nyingi ni rafiki yake, wala si mzazi au mchungaji. Tusikasirike. Mzigo ukibebwa na wawili huwa mwepesi.

Hata hivyo, yako mazungumzo yanayoongeza mzigo. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Amanda Rose, aliandika juu ya marafiki ambao kila wakutanapo hurudia shida ile ile: mbona alisema vile, na kesho itakuwaje? Aliona kwamba marafiki hao hupendana sana, lakini huzuni na wasiwasi navyo huandamana na mazoea hayo. Mwaka 2007 yeye na wenzake walieleza kwamba, baada ya miezi 6, wasichana wenye mazoea hayo walizidi kuwa na huzuni na wasiwasi, huku urafiki wao ukizidi pia. Kidonda kinachofunuliwa kila saa hakiponi upesi.

Sasa tumtazame Yonathani, katika 1 Samweli 20. Daudi alimjia akikimbia hasira ya Sauli, akiuliza kosa lake ni nini. Yonathani hakumnyamazisha, ingawa aliyeshtakiwa ni baba yake mwenyewe. Alisikiliza, akamwuliza Daudi anataka afanyiwe nini, kisha wakapatana: Yonathani ataichunguza nia ya mfalme, na mishale itakuwa ishara. Habari ilipokuwa mbaya walilia pamoja, lakini hawakukaa pale wakilia tu. Daudi alishika njia, akaokoka. Baadaye Yonathani alimfuata mwituni, akamtia nguvu katika Mungu.

Vijana wetu, fanyeni vivyo hivyo. Msikilize mwenzako mpaka amalize. Ukilia naye, si aibu. Kisha muulizane: sasa tufanye nini? Labda ni kwenda kupatana na yule aliyekosana naye. Na rafiki akikuambia anaumizwa, au amechoka kuishi, siri hiyo usiifiche. Mpelekee mtu mzima unayemwamini, siku hiyo hiyo.

Nasi wazazi, je, mtoto akija na neno kama hilo, atatukuta tuna nafasi ya kumsikiliza?

Bwana atupe masikio ya kusikia na mikono ya kusaidia. Amina.